Shabiki Hahami Timu, Lakini Hanyamazi

(Mazungumzo yaliyosomwa na kamati ya miradi mbele ya wanachama na wageni, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu, Mchombe)



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii. Tunawashukuru pia wanachama wote, wale walioanza na hisa moja moja na wale waliojiunga baadaye. Kwa miaka kumi sanduku letu limefungwa kwa kufuli tatu na kufunguliwa mbele ya macho ya wote. Hilo peke yake linatosha kupigiwa vigelegele. Haya, pigeni!

Sasa tuingie kwenye kazi tuliyopewa. Uongozi ulituagiza tuzungumzie mradi wa ushonaji, kwa sababu mwisho wa mzunguko huu mtapiga kura: je, sehemu ya faida yetu ianzishe chumba cha ushonaji, au tugawane yote kama miaka iliyopita? Wako wanaosema tuanze hata kesho. Wako wanaosema fedha itazama, maana nguo za kutoka nje zimejaa mnadani na bei yake hakuna fundi wa cherehani anayeiweza. Pande zote mbili zina wenye akili timamu. Ndiyo maana tumeona tusije na maneno ya kuhimiza tu, tuje na hesabu na historia kidogo. Na tutapitia njia ya mpira, kwa kuwa hapa kwetu hakuna kinachoeleweka haraka kama mpira.

Tuanze na sare tulizovaa leo. Mnakumbuka kikao cha kuchagua rangi kilivyokuwa. Upande mmoja ulitaka nyekundu, upande wa pili ukasema kijani na njano, la sivyo hawavai. Kikao cha saa moja kikaenda saa tatu, na mweka hazina akaishiwa vitabu vya faini. Mwishowe tukachagua zambarau, ambayo haina timu. Tukacheka, tukaenda nyumbani. Lakini kamati ilibaki na swali moja: mbona tuligombana saa tatu juu ya rangi, na hakuna aliyeuliza hata dakika moja kitambaa chenyewe kimetoka wapi?

Jamani, hatusemi mapenzi ya timu ni mabaya. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na Simba wenyewe waliitwa Sunderland mpaka mwaka 1971 walipochukua jina la sasa. Babu zetu walizishangilia, na wajukuu zetu wanajaza vibanda umiza mpaka wengine wanasimama dirishani. Timu hizo zinakaa Dar es Salaam, mbali na bonde hili, na bado mama wa Mchombe akifungwa anakosa hamu ya ugali. Mapenzi ya namna hiyo ni mali. Swali letu ni kama mali hiyo ina somo la kutufundisha kuhusu nguo, sukari na mchele.

Lipo, na limeandikwa kwenye majina ya timu zenyewe. Hapa mkoani kwetu Morogoro tunayo Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha kule Turiani. Ilichukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1999 na ikarudia mwaka 2000. Kabla yao Mseto ya Morogoro ilichukua ubingwa mwaka 1975, ikawa timu ya kwanza kutoka nje ya Dar es Salaam kufanya hivyo. Kagera wana Kagera Sugar. Dar es Salaam palikuwa na Sigara, timu ya kiwanda cha sigara. Mwanza wana Pamba, yenye jina la zao lililokuwa likilisha viwanda vya nguo. Kwa hiyo zamani shabiki wa timu ya kiwanda alijua jambo moja waziwazi: kiwanda kikiuza, timu inakula, kiwanda kikikwama, timu inalala njaa.

Majirani zetu Kenya wameliona kwa macho. SoNy Sugar ya Awendo ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2006. Viwanda vya sukari vya magharibi mwa Kenya vilipozidiwa na madeni, uendeshaji mbaya na sukari ya bei nafuu kutoka nje, fedha za timu nazo zikakauka. Mwaka 2019 SoNy iliondolewa kwenye ligi baada ya kushindwa kufika uwanjani kwenye mechi zake. Mwaka huo huo kampuni ya Mumias, iliyokuwa kubwa kuliko zote katika sukari ya Kenya, iliwekwa chini ya mrasimu kwa sababu ya madeni. Mashabiki hawakuacha kupenda. Walikosa tu timu ya kwenda kuitazama. Na Pamba yetu ya Mwanza, iliporudi Ligi Kuu mwaka 2024, ilirudi kwa jina la Pamba Jiji, chini ya Halmashauri ya Jiji. Jina ni la pamba, anayelipa ni jiji.

Sasa turudi kwenye nguo. Bidhaa rahisi kutoka nje hazikuanza na kizazi chetu. Kabla ya wakoloni, kwenye mabonde ya Rufiji na Rukwa watu walifuma nguo za pamba kwa mikono. Maji ya Kilombero yetu yanakwenda Rufiji, kwa hiyo hao ni jirani zetu wa mto. Karne ya 19 ikaja nguo ya viwandani kutoka Marekani, nyeupe, imara, na ya bei ambayo mfumaji hakuiweza. Mpaka leo bibi zetu wanaiita merikani. Jina la nchi likawa jina la nguo. Baadaye ikaja ya Kiingereza, ya Kihindi na ya Kijapani, na wafumaji wakaweka vyombo vyao chini.

Baada ya uhuru Serikali ilijaribu kugeuza mambo. Mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China. Mwanza kikajengwa Mwatex, Musoma kikaja Mutex, Morogoro tukapata Polytex na vingine. Akina mama wa umri mkubwa waliomo humu wanazikumbuka kanga za Urafiki. Na hiyo hiyo China ilitujengea reli ya TAZARA inayopita hapa bondeni, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni hili: sehemu kubwa ya gharama za hapa nchini, kama mishahara ya wafanyakazi wa reli, ililipwa kwa fedha zilizotokana na kuuza bidhaa za China madukani kwetu. Mkono mmoja ulitujengea kiwanda, mkono wa pili ukatuletea bidhaa za kushindana nacho. Hatusemi hivyo kwa kulaumu, maana treni tunaipanda mpaka leo. Tunasema ili tuelewe kwamba bidhaa ya nje haiji bila sababu, huwa imebeba mkataba wa mtu mahali fulani.

Je, viwanda vyetu vilikufa kwa sababu ya bidhaa za nje tu? Hapana, na hapa lazima tuseme ukweli wote. Hapo Morogoro mjini kilijengwa kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutoa mamilioni ya viatu kwa mwaka na kuuza mpaka Ulaya. Hakikuwahi kuzidi asilimia 4 hivi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Mashine ziliharibika, vipuri vikakosekana, na jengo lenyewe halikufaa kwa joto letu. Hakuna mtumba uliokiua kile. Na miaka ya mwanzo ya 1980 nani amesahau foleni? Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, kanga kwa kibali. Kiwanda hakikuwa na mshindani, na mnunuzi hakuwa na pa kwenda wala wa kumlalamikia. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kiwanda kisichoambiwa ukweli nacho kinatia maji.

Ndipo bajeti ya mwaka 1984 ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa, mlango ukafunguka. Mitumba ikaja kwa marobota, na watu waliochoka na foleni wakaipokea kwa mikono miwili. Tuwalaumu? Mama aliyekuwa na watoto watano bila nguo ya kubadilisha alifanya alichoweza. Viwanda vingi vikasimama, na miaka ya 1990 vikauzwa au kuingia ubia. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikasema nchi zitakazofanya hivyo zitapoteza nafasi ya kuuza nguo kwake bila ushuru. Kenya, Uganda na sisi tukarudi nyuma. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 ikaondolewa nafasi hiyo kwa upande wa nguo. Kwa hiyo msidhani robota la mitumba pale mnadani ni jambo dogo. Marais wamelikalia vikao.

Na humu ndani tunao wanachama wanaouza mitumba na jezi za kutoka nje. Hisa zao zimo kwenye sanduku hili, na wamesomesha watoto kwa biashara hiyo. Tunao pia wenzetu wenye vyerehani waliokuwa wakishona jezi za timu za vijiji kwa ajili ya kombe la mbuzi. Zikaja jezi za China, nyepesi, zenye namba tayari, kwa bei ambayo fundi hanunulii hata kitambaa. Vyerehani vimefunikwa kanga. Wote hawa ni dada zetu. Asije mtu hapa akatuambia mmoja mzalendo na mwingine msaliti.

Sasa tugeuze meza kidogo. Sisi wote, wa mitumba na wa cherehani, tunalima mpunga. Mwaka 2013 Serikali iliporuhusu mchele wa nje kuingia bila ushuru ili kupoza bei mijini, mnakumbuka kilichotokea. Mpunga ulijaa ghalani na mnunuzi haonekani. Hata shamba kubwa la Mngeta, lenye matrekta na mitambo yake, liliumizwa na bei ile, sembuse mama mwenye ekari mbili. Mama wa Dar es Salaam alinunua mchele wa nje kwa kuwa ulikuwa rahisi, na alikuwa na haki yake, naye ana watoto. Lakini huku bondeni mtoto wa mtu alikosa ada.

Hapo ndipo tunapoona pande mbili za shilingi. Tukiwa wauzaji wa mpunga tunataka mnunuzi aangalie ladha, harufu na jasho la mkulima, asiangalie bei peke yake. Tukiwa wanunuzi wa nguo tunaangalia bei peke yake. Serikali nayo inalijua jambo hili. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza mwaka 2005, mchele wa kutoka nje ya jumuiya uliwekewa ushuru wa asilimia 75, sukari asilimia 100, na kanga, vitenge na vikoi asilimia 50. Ushuru ni ukuta. Lakini ukuta una mlango, mlango una funguo, na funguo hazikai Mchombe. Leo unafungwa, kesho unafunguliwa kwa sababu mvua imeharibu mambo, kama mwanzoni mwa mwaka 2024 mvua zilipokwamisha viwanda vya sukari na bei ikapanda mpaka sukari ya nje ikaagizwa. Anayejenga biashara yake juu ya ukuta peke yake analala kwa wasiwasi.

Basi tujenge juu ya nini? Hapa ndipo shabiki anatufundisha. Shabiki wa kweli ana tabia mbili. Ya kwanza, hahami. Timu ikifungwa mechi tatu mfululizo haendi kununua jezi ya mtani. Ya pili, hanyamazi. Akiona mlinzi analala uwanjani anapiga kelele, anataka kocha abadilishwe, anadai mapato yasomwe. Timu inapata vyote viwili, uvumilivu na ukali. Viwanda vyetu vya zamani vilipewa uvumilivu bila ukali. Siku hizi mafundi wetu tunawapa ukali bila uvumilivu: mshono mmoja ukipinda, tunahamia dukani moja kwa moja, wala hatumwambii kosa lake. Bidhaa ya nyumbani inahitaji mashabiki, na kushabikia ndiko huko, kubaki na kusema.

Na tusifanye jambo hili kuwa gumu kuliko lilivyo. Huko Morogoro zipo kanga na vitenge vinavyochapwa mpaka leo katika kiwanda cha 21st Century, ambacho ni cha kampuni za Mohammed Dewji, yule mwekezaji wa Simba. Kwa hiyo dada zetu wa Yanga, mkivaa kanga ya pale mjue mmemchangia mtani. (Kicheko.) Mnaona? Kwenye nguo, mtani na mtani wanaweza kuwa upande mmoja.

Baada ya maneno hayo, kamati inaleta mapendekezo yafuatayo kuhusu chumba cha ushonaji.

Kwanza, tusishindane pale ambapo hatuwezi kushinda. Jezi tuziache. Kitambaa chake chenyewe kinatoka nje, na mashine za kuchapa hatuna. Wenzetu wanaouza jezi waendelee.

Pili, tushindane pale ambapo umbali unatusaidia. Sare za shule ndizo hizo. Sare ya dukani imekatwa kwa mtoto ambaye hajawahi kuonekana. Mtoto wako mwembamba inamvuka, mnene inambana. Sisi tutampima mtoto mwenyewe. Tutaacha pindo la kuachia mwakani akirefuka. Mshono ukifumuka ndani ya muhula, tutaushona bure. Na mzazi ambaye mpunga wake uko shambani atachukua sare Januari na kulipa baada ya mavuno, kwa kuandikiana mbele ya mashahidi. Hakuna meli kutoka China inayoweza kukukopesha mpaka mavuno.

Tatu, kitambaa kinunuliwe kwa kuuliza. Pale kilichofumwa nchini kinapokaribiana kwa bei na ubora na cha nje, tuchukue cha nchini. Kikiwa kibovu tusichukue kwa huruma, bali tumwandikie mwenye kiwanda tumwambie kwa nini. Na tusome ukingo wa jora kabla ya kulipa. Muuzaji wa hizi sare tulizovaa aliapa kwamba ni za hapa hapa. Nyumbani tuliposoma ukingo wake, uliandikwa nchi nyingine kabisa.

Nne, hisa za mtu zisiguswe. Mtaji utoke kwenye faida, tena isizidi sehemu moja ya tano. Kila mwezi hesabu zisomwe kikaoni kama tunavyosoma za sanduku. Baada ya mihula mitatu, kama chumba kinakula tu bila kurudisha, kifungwe, vyerehani viuzwe, fedha irudi. Tusianzishe kiwanda chetu kidogo cha viatu hapa Mchombe.

Tano, wenzetu wauza mitumba wapewe nafasi mle ndani. Wao ndio wanaojua mteja anapenda nini, mshono gani unadumu na kola gani inalegea. Nguo nyingi za mitumba zinahitaji kupunguzwa au kubadilishwa zipu, na kazi hiyo ni ya cherehani. Tukikaa chumba kimoja tunaweza kupeana wateja badala ya kunyang'anyana.

Akina mama, wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Tumezoea kuutumia msemo huu kwa ngoma na mpira. Leo tunawaomba muutumie kwa fundi wa jirani. Kumtunza ni kumpa kazi, kumlipa kwa wakati, na kumrudishia suruali iliyopinda mkimwambia, "Dada, hapa bado, rudia." Akirudia vizuri, mpelekeeni na mtoto wa pili.

Kura ni yenu. Anayesema hapana tutamheshimu, maana fedha ni ya jasho. Tunachoomba ni kwamba siku ya kupiga kura, kila mmoja aje ameshakagua sare ya mwanawe, ameangalia mishono na kuuliza ilishonwa wapi. Vikundi vitakavyoadhimisha miaka kumi baada yetu vitataka kujua tulifanya nini na faida yetu. Tuwaachie hesabu zinazosomeka.

Mungu alibariki bonde letu, akibariki kikundi chetu.